Mgeni Asiyebisha Hodi



Usiku wa giza, ukisimama ufukweni Kirumba hapa Mwanza, utaziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji. Dagaa huifuata nuru mwenyewe. Wavu u chini yake, naye hajui.

Mwaka jana taa kama hiyo iliwaka nyumbani kwangu. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 13, alipewa simu kwa ajili ya masomo. Akapata "rafiki" aliyejidai kuwa binti wa rika lake. Akamsifu, akampelekea vocha, kisha akaomba picha ya aibu. Alipoipata, akatishia kuieneza asipoongezewa nyingine.

Mtoto alinijia mimi, babu yake. Nami, niliyefundisha adabu chuoni zaidi ya miaka 30, sikumwacha hata amalize. Nilimkaripia, nikamnyang'anya simu. Akanyamaza wiki tatu, hali, halali. Yule mwovu alikuwa amemwambia, "Ukisema, wazee wako watakugeuka." Mimi nikamsadikisha maneno yake.

Bibi yake ndiye aliyemkalisha jikoni akamsikiliza mpaka mwisho. Ndipo tukaenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ujumbe wote tumeuhifadhi bila kuufuta.

Usidhani haya ni ya kwangu peke yangu. Ripoti ya ECPAT, Interpol na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti walidhulumiwa namna hii katika mwaka mmoja.

Ewe mzazi, katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba watoto wetu watake idhini nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri na baada ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumbani abisha hodi, vipi mgeni aingie chumbani kwake usiku bila ya hodi? Simu na ilale sebuleni.

Lakini kufuli la kweli ni sikio lako. Mwambie mwanao leo, kabla ya msiba: "Lolote likikupata, njoo kwangu, sitakupiga." Akija, msikilize kwanza. Msilipe, msipeleke picha nyingine. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Mjukuu wangu nimemwomba radhi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atusamehe ukali uliowafunga midomo. Amin.