Kitabu cha Wanaotaka Kuacha

Nilipoanza kuandika mwongozo wa urembo nilikuwa nimekwisha kukomaa katika kazi ya saluni. Nilijifunzia Tanga kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiwasinga maharusi kwa liwa ya kusaga, karafuu, asumini na waridi, mpaka ngozi inang'aa na rangi yake ni ileile. Baadaye nikahamia Dar es Salaam, nikakodi kiti katika saluni ya Magomeni, kisha nikafungua ya kwangu. Huko nikakutana na ngozi ambazo shangazi hakunifundisha: mashavu mekundu yanayowaka jua likiyagusa, vipele visivyokauka, uso mweupe na vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika. Mtaani wanawake wanaojichubua hivyo huitwa "uso Fanta, mikono Coca-Cola". Neno hilo sikulitaka saluni kwangu. Aliyeketi mbele ya kioo changu alikuwa na maumivu.

Mwenye duka la vitabu Kariakoo aliyekubali kugharimia uchapaji alitaka kitabu cha kila kitu: nywele, kucha, wanja, hina, mavazi, hata mapishi ya kupunguza mwili. Jina alikuwa nalo tayari: *Siri za Urembo wa Mwanamke*. Nikamwuliza, mwanamke yupi? Bi harusi wa wiki ijayo na mama anayenyonyesha hawana haja moja. Akanijibu, "Mama, ukimtaja mmoja, wengine hawatanunua." Ndivyo wauzaji wengi wanavyoamini. Mimi naamini mwenye shida hununua kile kilichomtaja yeye.

Nami nilimjua wa kumtaja. Kwa miaka mingi wateja walikuwa wakiinama, wakipunguza sauti, wakiniuliza swali moja: "Dada, nataka kuacha mkorogo, nifanyeje?" Magazeti yaliandika ubaya wa kujichubua kwa mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Serikali nayo ilikuwa imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na wakaguzi wakapita madukani. Lakini mwanamke aliyeambiwa aache hakuambiwa wiki ya pili atajikuta na hali gani. Hapo ndipo wengi walipokuwa wakirudia kopo.

Wiki ya pili naifahamu. Mikorogo mingi hutiwa krimu za steroidi kama klobetasoli, dawa ya hospitali ya kutibu ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi kwa muda mfupi. Ikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa huonekana na michirizi hujichora mapajani. Ukiiacha, uso hulipuka: unawaka, unawasha, unavimba, unatoa chunusi. Mwanamke hudhani kuacha ndiko kumemdhuru, kumbe mwili unadai dawa uliyoizoea. Tena aliyejipaka mwili mzima kwa muda mrefu hatakiwi kuacha ghafla peke yake, kwa sababu dawa hiyo hupenya hadi kwenye damu na inaweza kuzidhoofisha tezi zilizo juu ya figo. Huyo aende kwa daktari, na achukue makopo yake yote. Sentensi hiyo nilitaka iwe ukurasa wa kwanza.

Basi uwanja wa kitabu nikaupata, jina likabaki. Kwanza nilipenda *Ngozi Yangu ya Zamani*, kwa kuwa ndiyo maneno waliyoniambia wateja wenyewe. Lilikuwa jina tamu, na nililiandika kwa rangi juu ya daftari. Kisha nikamkumbuka mteja mmoja, mtu mzima, mwenye madoa ya buluu iliyokoza mashavuni. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi huweza kuacha madoa ya namna hiyo, na mara nyingi hayatoki yote. Afrika Kusini waliyaona mapema, kwa wanawake waliotumia krimu hizo katika miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 1990 nchi ile ikaiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi. Ningemwuzia mama yule kitabu kinachoitwa *Ngozi Yangu ya Zamani* kwa uso gani? Jina la kitabu ni ahadi, na ahadi ya urembo ndiyo iliyomfikisha pale. Nikalifuta.

Nikaandika *Kuacha Mkorogo*. Maneno mawili, na yote mawili niliweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote.

Mwenye duka alikuwa na hofu nyingine, na hapo alisema kweli: nani atakifungua ndani ya daladala? Kukishika ni kujitangaza. Nilikaa na neno hilo usiku kucha, maana aibu ndiyo iliyowafanya wanawake wale waninong'oneze. Tukakubaliana jalada lisiwe na picha ya uso, hasa zile picha mbili za kabla na baada. Likawa la kijani, jina kwa herufi ndogo chini, ukubwa wa kuingia kwenye mkoba. Ndani nikaweka mambo machache: dalili za kukupeleka hospitali, namna ya kuosha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, mafuta mepesi yasiyo na manukato, kofia pana na mtandio juani, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake. Singo ya shangazi, niliyoipenda kuliko vyote, niliiacha nje. Ngozi iliyokonda haisuguliwi.

Kitabu hakikuuzwa sana dukani. Kilikwenda saluni kwa saluni, kikipitishwa na wasusi, na maswali yakanirudia kwa njia hiyohiyo. Mengi yalitoka kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa kuwa zebaki iliyomo katika baadhi ya sabuni na krimu hudhuru figo za mama na humfikia mtoto tumboni. Sasa naandika cha pili, kwa ajili yao tu. Jina bado sijalipata, na wasusi wa Temeke wameniahidi kunikusanyia maneno ambayo akina mama wenyewe huyasema wakiwa wanasukwa.