Desemba Hii Hushiki Mwiko

Rau, Moshi
Novemba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nje chini ya mparachichi, maana baba yako alikuwa amenitembelea. Unasema daktari amekuambia upunguze msongo wa mawazo, ukatoka pale umefura, kwa kuwa ulisikia kama amesema maumivu unajitungia. Hasira hiyo naielewa. Miaka 30 niliyofundisha, binti akilaza kichwa kwenye dawati kwa ajili ya tumbo nilimwambia asisingizie, kila mwanamke anapitia. Baadhi yao nawakumbuka kwa majina hadi leo. Sisi wenyewe tuliambiwa ni chango, tukachemshiwa mizizi, tukaahidiwa kuwa tukizaa litaisha.

Basi hili tulimalize kwanza. Endometriosisi hii yako hailetwi na mawazo. Ni nyama inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba, lakini imeota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Siku zako zikifika nayo inavimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanayo, karibu mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa. Millen Magese, Miss Tanzania wetu wa 2001, amepasuliwa zaidi ya mara kumi. Nani atathubutu kusema yule alikuwa na mawazo tu? Kwa hiyo hospitali usiache, na dawa ya maumivu inywe mapema kama ulivyoelekezwa, usingoje mpaka ukaze meno.

Ila daktari wako hakukosea. Jiangalie tumbo likianza: mabega yamepanda, taya zimekaza, pumzi fupifupi. Nyonga nayo imejikaza, na msuli uliokazwa kutwa nzima utauma wenyewe, hilo ni nyongeza juu ya ugonjwa. Usiku hulali, na asiyelala hata kidonda kidogo kwake ni kikubwa. Ikibaki wiki moja siku zako zifike unaanza kuogopa, na hofu inaukuta mwili umeshachoka. Ugonjwa ndio maji. Msongo ni yule mtu aliyeuacha mfereji wa mfongo wazi usiku kucha, asubuhi shamba lote limezama.

Na wewe kinachokukaza si kazi yenyewe. Ni kuficha. Unameza vidonge chooni. Unamwambia bosi una malaria kila mwezi (mtu gani anaumwa malaria kwa kalenda?). Ikifika Desemba unapanda nyumbani na wenzako wote, unajifanya mzima. Mwaka jana nilikuona kule Uru umeinamia jiko la nje, unakoroga mtori wa watu 40, jasho linakutoka na baridi yote ile ya mlimani, huku mama zako wadogo wanakuuliza mjukuu lini. Ukapotelea nyuma ya migomba. Nikadhani umekula vibaya. Nisamehe.

Desemba hii hushiki mwiko. Ukiniruhusu, nitamweleza mama yako, naye atajua namna ya kuwanyamazisha wadogo zake. Usiporuhusu, nitasema nimekuhitaji huku Rau, basi, na hakuna atakayebishana na shangazi. Chumba cha nyuma ni chako, na chupa ya maji ya moto nimenunua tayari. Ilaze chini ya kitovu, misuli itaachia. Asubuhi utakayojisikia nafuu, tutachukua bajaji hadi Msitu wa Rau tukatembee polepole tuwaangalie mbega. Pale hakuna wa kukuuliza kitu. Utavuta pumzi kwa pua, uiteremshe mpaka tumboni, uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Nasikia huko Dar watu wanalipia kufundishwa hilo.

Kazini mwambie mtu mmoja tu, yule unayemwamini, ili siku ikikubana pawe na wa kukushikia nafasi bila maneno. Si lazima ofisi nzima ijue habari za tumbo lako.

Tena nunua daftari. Mimi ni mwalimu, hunibadilishi. Kila jioni andika tarehe, maumivu umeyapa ngapi kwa kumi, umelala saa ngapi, na nani kakuudhi. Miezi mitatu ikipita lipeleke kwa daktari. Humo mtakuwa na mambo ambayo ukikaa mbele yake kwa dakika kumi huwezi kuyakumbuka.

La mama yako usinijibu kwa sauti. Niandikie, nijue hasa umeniruhusu kusema nini. Na tiketi kata mapema kabla mabasi ya Moshi hayajajaa, lakini hesabu kwanza kwenye daftari, usije ukajikuta siku zako zinaanzia njiani.

Shangazi yako