Wamenitilia Sumu

Neno matumbawe nililikuta kitabuni kabla ya kukiona kitu chenyewe, na mpaka leo kitu chenyewe sijakiona. Kiswahili kilitufikia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, kikakaa Nyangwe na Kasongo, kikaoana na lugha za hapa. Kilileta maneno ya biashara, ya dini na ya jikoni. Matumbawe hayakubebwa na mtu. Ungeyafanyia nini kando ya Lualaba? Nyumba za zamani za Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe yake; zetu ni za matofali ya udongo.

Mwaka huu nilipewa kazi ya kutafsiri kutoka Kifaransa maandishi mafupi juu ya watu wa Ulaya wanaofuga matumbawe nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Wenzangu walicheka: kufuga jiwe! Lakini tumbawe si jiwe. Ni wanyama wadogo wengi walioshikana, wanaojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya nyama yao umo mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaowalisha kwa nguvu ya jua. Rangi yao kwa sehemu kubwa ni ya huo mwani. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi hata kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, wanyama hao humfukuza mpangaji wao na kubaki weupe. Pwani ya Afrika Mashariki iliyaona hayo kwa ukubwa mwaka 1998, tena mwaka 2016.

Kilichonishika ni kwamba kuna weupe wa aina mbili. Mfugaji akiona tumbawe jeupe lazima asogee na kutazama vizuri. Kama nyama bado ipo, laini, angavu kama kioo, na mfupa unaonekana chini yake, basi limepauka: lina njaa, lakini li hai na laweza kupona. Kama nyama imebanduka, mara nyingi kuanzia shinani, na mfupa umebaki mtupu, sehemu hiyo imekwisha kufa. Rangi ni moja, habari ni mbili. Na likigeuka kahawia, huenda si ugonjwa hata kidogo. Maji yamepata lishe nyingi na mwani umeongezeka. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara haanzi na mgonjwa. Anaanza na maji: joto, chumvi, chokaa.

Hapo nilimkumbuka baba mdogo, ambaye hajui matumbawe ila anajua tilapia. Bwawa lake liko upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, karibu na kijito. Alilichimba kwa jembe pamoja na wanawe, akalilisha kwa majani ya muhogo, pumba na samadi ya nguruwe. Samaki wale walikuwa karo ya watoto wawili. Msimu wa mvua uliopita, baada ya siku tatu za mawingu bila upepo, aliamka akakuta samaki wanaelea, midomo wazi. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani: «Wamenitilia sumu!»

Sisi wa kitivo cha lugha tuisikilize sentensi hiyo. Wa- ni nani? Hakuna aliyetajwa, ila nafasi ya mtendaji imekwisha kuchimbwa, nayo haitakaa wazi. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imejazwa na mama mmoja mjane, jirani, ambaye aliwahi kubishana naye juu ya mfereji wa maji. Vijana walianza kusimama kwa makundi. Anayeishi hapa anajua makundi ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi.

Aliyeokoa siku ni mzee mmoja aliyewahi kuwa monita wa ufugaji wa samaki zamani za Zaire. Hakumtetea mama yule wala hakumtaja. Aliuliza maswali tu. «Mdogo wangu, waliokufa ni wakubwa au wadogo?» Wengi ni wakubwa. «Na kambale?» Kambale wazima. «Vyura?» Walikuwa wanalia usiku kucha, tena wakaruka mbele yetu. «Jana alfajiri samaki walikuwa wapi?» Hapo mtoto mmoja akajibu kwamba hata juzi walikuwa juu, wanafungua na kufunga midomo, naye alidhani wanacheza. Halafu mzee akachutama, akazamisha mkono wake majini. Kiganja kilipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. «Maji yako yameshiba,» akasema.

Maana yake ni hii. Mwani unaofanya maji yawe ya kijani hutoa hewa mchana kwa msaada wa jua, lakini usiku unavuta hewa ileile wanayovuta samaki. Kukiwa na mawingu siku nyingi, kinachotolewa mchana hakitoshi kwa usiku, na saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza. Samaki wakubwa ndio hutangulia kufa. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anabaki. Sumu kwa kawaida haichagui hivyo. Hukumba wakubwa na wadogo, na vyura huingia hesabuni. Dawa ilikuwa kufungulia maji mapya ya kijito, kuacha samadi kabisa, na kungoja mpaka kiganja kionekane tena kwenye kina cha kiwiko.

Tazama sasa sarufi ya mzee. «Maji yameshiba.» Maji ndiyo kiima, na kitenzi hakidai mtu nyuma yake. Hakuna wa-, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa. Vijana walitawanyika mmoja mmoja, wengine wakilalamika, kama watu walionyimwa kitu.

Nisingependa, hata hivyo, kuusifu muundo huo kupita kiasi. Nilipotafsiri, niliandika «matumbawe yamepauka», nikaona kitenzi kimenifichia jambo. Kupauka nako hakuna mtendaji. Nguo hupauka, ngozi hupauka. Lakini bahari haikujipasha joto peke yake. Katika bwawa la Alunguli sarufi ilimbuni mkosaji asiyekuwepo. Baharini sarufi inawafuta wakosaji waliopo, tena wengi. Mwalimu wangu alipendekeza niongeze maelezo ya pembeni. Nilikataa, kwa sababu mtafsiri hatakiwi kuongeza. Lakini neno hilo bado linanikera.

Baba mdogo alivuna tena miezi sita baadaye. Kwa mama yule alimtuma mtoto na samaki watatu waliofungwa kwa jani la mgomba, bila salamu yoyote. Mama alipokea, akaosha sahani, akairudisha sahani ikiwa na unga kidogo. Ila njia ya kupita kando ya bwawa hajaitumia tena. Akienda kisimani anazunguka mbali, nyuma ya michikichi.