Tangi Lisilo na Mchanga

Wageni wanaoingia sebuleni kwangu hapa Tanga hulisifu kwanza tangi la samaki, kisha huuliza swali lile lile: "Mwalimu, mbona hukuweka mchanga?" Mimi huwajibu kwamba mchanga ulikuwapo, nami niliutoa kwa mikono yangu mwenyewe. Wengi huitikia kwa adabu, wakanywa chai, na mazungumzo yakahamia kwingine. Katika kurasa hizi nitalieleza jibu hilo kwa kirefu, maana limenifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya ualimu haikunifundisha, au labda ilinifundisha nami nikakataa kujifunza.

Tangi hilo niliachiwa na binti yangu alipohamishiwa kazi Mwanza. Ni la kioo, lina urefu wa sentimita 120, nalo huchukua kiasi cha lita 240 za maji ya bahari. Chini yake kulikuwa na mchanga mweupe, unene wa sentimita kumi hivi, na juu ya mchanga tulipanga mawe ya matumbawe yaliyobaki tulipojenga ukuta wa ua. Samaki walikuwa wanne. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nililitazama kila jioni, nikaona kwamba hakuna nyumba mtaani petu yenye kitu kisafi kuliko kile. Maji yalikuwa maangavu. Mchanga uling'aa. Samaki wakinya, wakibakisha chakula, vyote vilizama mchangani na kupotea, nami nikadhani kupotea ndiko kusafika.

Usiku mmoja umeme ulikatika tangu saa nane hadi kulipokucha. Pampu zilisimama. Asubuhi niliona jiwe moja kubwa limeegemea kioo, na kwa kutaka kusaidia nikalinyanyua. Mchanga uliokuwa chini yake ulifumuka kama moshi, nao ulikuwa mweusi tititi. Sebule nzima ilinuka mayai yaliyooza. Kabla ya adhuhuri samaki watatu walikuwa wamekufa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka saba, alisimama kando yangu akauliza, "Babu, uchafu huo umetoka wapi?"

Nikamwambia, "Ulikuwamo humo siku zote."

Siku chache baadaye alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa kazi yake ni mambo ya bahari. Alinieleza kwa utaratibu, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza hesabu za mafungu. Samaki, alisema, hutoa amonia, zaidi kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza hutoa amonia vilevile. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Naitreti hiyo huondolewa kwa kubadilisha maji. Ndani kabisa ya mchanga mzito, mahali pasipofika hewa, wamo bakteria wa namna nyingine. Wako wanaogeuza naitreti kuwa gesi isiyodhuru, na hiyo ndiyo faida ya mchanga. Lakini wako pia wanaotumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari na kutengeneza gesi ile inukayo mayai mabovu, ambayo huua.

"Mbona baharini kuna mchanga, na samaki hawafi?" nilimuuliza.

"Mwalimu, baharini mchanga una wafanyakazi wake," akanijibu. "Kuna jongoo bahari, kuna minyoo, kuna kaa, na maji hujaa na kupwa kila siku. Katika tangi lako mfanyakazi ni wewe peke yako, nawe ulikuwa umekaa kitini."

Hakusema kwamba mchanga ni kosa. Wako wanaoutunza vizuri miaka mingi, na wako samaki wanaolala kwa kujifukia mchangani, ambao tangi tupu si makao yao. Alisema tu kwamba mtu asiyeweza kuutunza mchanga ni afadhali asiwe nao. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaonyesha wafugaji wa samaki kwamba mawe hai kutoka mwambani yanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha maji. Kwa hiyo bakteria wanaotakiwa sikuwa na haja ya kuwatafutia mchanga. Walikwishajenga ndani ya vitundu vya mawe yetu ya ua. Wala sikuwa na haja ya kumtuma mtu akavunje mwamba ulio hai, jambo ambalo pwani yetu imekwisha kuumizwa nalo vya kutosha.

Basi tukamweka yule samaki aliyebaki katika ndoo yenye maji safi ya bahari na pampu ya hewa, tukautoa mchanga wote, tukayasuza mawe kwa maji ya bahari na kuyarudisha. Safari hii tuliyapandisha juu ya vipande vya bomba la plastiki ili maji yapite chini yake. Pampu mbili tulizielekeza zisukume maji karibu na sakafu, taka zikusanyike katika kona moja.

Wiki ya kwanza nilihuzunika. Kila asubuhi sakafu ya kioo ilikuwa na vumbi la kahawia, mabaki ya chakula, na vinyesi. Nilimpigia simu yule kijana nikalalamika kwamba tangi limechafuka kuliko zamani.

Akacheka. "Halikuzidi kuchafuka, Mwalimu. Wewe ndiye umezidi kuona."

Nikakata simu nikiwa nimeudhika kidogo, kisha nikaketi mbele ya lile tangi kwa muda mrefu. Niliyoyafikiri siku ile sikumwambia mtu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa baada ya wiki mbili. Mwalimu yeyote wa rika langu anajua maana yake: mawe ya njiani hupakwa chokaa, nyasi hufyekwa, madawati mabovu hufichwa stoo, na vitabu vya mahudhurio hunyooshwa. Katika siku hizo hizo msichana mmoja wa darasa la sita aliacha kuja shuleni. Nilikuwa nimesikia kwamba mwalimu mmoja alikuwa akimtuma maji nyumbani kwake kila jioni. Niliyasikia kwa mpishi wa uji, kisha kwa mzazi mmoja. Sikumwita msichana. Sikwenda kwao. Nilichukua kalamu nikaandika mbele ya jina lake neno moja: mtoro. Ukaguzi ulipita vizuri, na ripoti ilitusifu kwa usafi. Mwalimu yule aliomba uhamisho baada ya miezi michache, nami nikamwandikia barua nzuri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliwafundisha watoto wa watu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Tofauti ni kwamba kifo nilichokificha hakikuwa changu.

Nilijua alipo, kwa kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikipita anapouza vitumbua. Kila mara husema, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitika, "Marahaba," nikapita haraka. Mwezi mmoja baada ya kuutoa mchanga nilikwenda, nikaketi juu ya kigoda mbele ya jiko lake, nikamweleza nilichokiandika mwaka ule. Hakulia wala hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

Nikajibu, "Nilijua kiasi cha kutosha kuuliza, na sikuuliza."

Aligeuza vitumbua vyake kimoja kimoja mpaka vikaisha. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa akifikiri miaka yote hiyo kwamba hakuna aliyejua. Sikujua kama habari yangu ilimpunguzia mzigo au ilimwongezea, na mpaka leo sijui. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai. Baadaye nilimwomba ruhusa ya kuandika, akaniruhusu kuandika kosa langu. Habari zake ni zake.

Msomaji wangu, kama nawe una tangi la maji ya bahari na unataka kuliacha bila mchanga, nakupa utaratibu wangu, maana ndio unaolishika tangi hili mpaka leo. Lisha kidogo, kiasi ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili au tatu. Kila jioni chukua bomba kubwa la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano, upulizie maji katika vitundu vya mawe ili taka zitoke. Ziache pampu zizipeleke konani, kisha uzinyonye kwa mpira mwembamba. Mara moja kwa wiki toa lita 25, uweke maji mapya ya bahari ya kiasi hicho hicho, yaliyochotwa maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, wala si baada ya mvua kubwa. Maji yakipungua kwa kukaushwa na joto, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haiendi na mvuke. Haidromita isome karibu na 1.025. Sifongo ya chujio ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, na sabuni isikaribie kabisa. Ukiweza, pata chombo cha kuengua povu: mapovu madogo hubeba uchafu ulioyeyuka kabla haujaoza, na kikombe chake hujaa maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu mbaya. Na weka pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya siku za giza.

Baada ya miezi, sakafu ya kioo itaanza kuota gamba gumu la rangi ya zambarau. Huo ni mwani wa mwambani. Usiukwangue, umekuja wenyewe, na huota mahali panapoufaa.

Samaki yule aliyebaki yu hai, na sasa ana mwenzake. Mjukuu wangu amekuwa mkubwa, naye ndiye anayeshika ncha ya mpira kwa sababu mikono yangu hutetemeka. Juzi aliniuliza kama kuna siku tutakayomaliza kazi hii, tuamke tukute sakafu haina kitu. Nikamwambia haipo, maadamu samaki wanakula. Akainamisha mpira kwenye kona, nami nikashika ndoo.