MTOTO WANGU MTAMLAZA WAPI?



 Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, katika jarida la mwaka huu tumepewa nafasi tuandike juu ya kambi za madrasa yetu. Huenda wengi mlitaraji tuandike juu ya mashindano ya kuhifadhi, au ile mechi ya mpira ambayo darasa la wakubwa hawapendi ikumbushwe. Sisi tumeona tuandike juu ya mahema. Hapo ndipo sisi walimu tulipokosea, na kosa lenyewe lilikaribia kuchukua roho za watoto.

Tulianza maandalizi mwezi wa Novemba 2022. Watoto wa Sitalike wanaishi mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Usiku wanasikia viboko wa Mto Katuma wakikoroma, lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kulala nje ya nyumba zao hata siku moja. Tukasema tuwafanyie kambi ya siku tatu: darsa, Qur'ani, kisimamo cha usiku na michezo. Tulipoitisha kikao cha wazazi, mama mmoja alisimama nyuma akauliza, "Ustadhi, mtoto wangu mtamlaza wapi?"

Tukamjibu haraka, "Kwenye hema, mama, ondoa shaka."

Akauliza tena, "Hema gani?"

Baadhi yetu tulitabasamu. Tuliona ni swali la mtu asiyetaka kutoa ruhusa, basi tukapita tukaendelea na ajenda ya michango.

Mahema tuliagiza Dar es Salaam, yakaja kwa basi hadi Mpanda. Tuliyachagua kwa picha. Yalikuwa sita, ya nailoni, rangi ya bluu na machungwa, yenye umbo la kuba, mepesi kiasi kwamba kijana mmoja anabeba mawili bila kuhema. Bei ilikuwa nafuu. Juu ya kila mfuko imeandikwa "watu 6", nasi tukapiga hesabu: sita mara sita, watoto 36, kazi imekwisha.

Hesabu ile ndiyo ya kwanza kutuumbua. Watu sita wa kwenye mfuko ni watu sita waliolala kama dagaa juani, bega kwa bega, bila begi, bila viatu, bila misahafu, na bila yule mtoto anayegeuka usingizini kama pia. Siku hizi tunatoa wawili katika idadi inayoandikwa na kiwanda. La watu sita ni la wanne.

Kambi ya kwanza tuliifanya Desemba, na kila mkaazi wa huku anajua Desemba ni mwezi gani. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha. Mahema yetu yalikuwa na kitambaa kimoja tu na kikofia kidogo juu, na kufikia saa nane za usiku watoto wote walikuwa wamehamia msikitini na magodoro yao kichwani. Hapo tulikuwa karibu na nyumbani, kwa hiyo ikawa kicheko tu. Baadaye tukajifunza kwamba mahema mengi ya dukani huandikwa namba ya milimita, 1,500 au 3,000 na kadhalika. Maana yake ni kimo cha maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla hayajaanza kupenya. Namba ikiwa kubwa, kitambaa kinastahimili zaidi. Lakini hata kitambaa kizuri huvuja kwenye mishono ikiwa haikuzibwa kwa utepe kwa ndani. Na hema linalofaa mvua huwa na paa la pili lililo mbali kidogo na la kwanza, lishuke hadi karibu na ardhi. Bila nafasi ile, pumzi za watoto wenyewe hugeuka maji juu ya kitambaa baridi, alfajiri yanawadondokea, na mtu anaapa kwamba hema limetoboka.

Aliyetusaidia zaidi katika jambo la mvua ni mzee mmoja wa hapa kijijini. Yeye aliingia nchini akiwa mtoto katika wimbi la wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, akakulia makazi ya Katumba. Alikuja asubuhi ile akayatazama mahema yetu yaliyolowa, akasema, "Walimu, nyinyi mmelichagua hema, hamkuichagua ardhi." Akatuonyesha kwamba tulikuwa tumeyasimamisha kwenye bonde dogo, mahali ambapo maji yote ya uwanja hukusanyika. Akatufundisha kuchimba mfereji kuzunguka hema na kuutoa upande wa mteremko, na kuivuta kamba ya turubai kwa namna ambayo maji hayatuami juu. Kwake yeye kulala chini ya turubai halikuwa jambo la matembezi. Tulipenda wanafunzi walijue hilo, nasi tukamwomba awaeleze, naye akawaeleza kwa ufupi kisha akanyamaza.

Mzee huyohuyo ndiye aliyetuzuia kuhamia penye majani mazuri karibu na mto. Kiboko hushinda majini na usiku hutoka kula majani, na ana njia zake anazozifuata kila siku. Mtu akilala katikati ya njia ile, amelala kati ya mnyama na maji yake. Hapo hakuna kiwanda chochote cha mahema kitakachokuokoa.

Basi mwaka 2023 tukaona tuipeleke kambi mwezi wa Juni, wakati wa likizo na kiangazi, tuondokane na mvua. Tulijiona tumekwisha kuwa wajuzi. Tukanunua na maturubai ya kufunika juu ya yale mahema, tukayashusha hadi chini, tukaziba kila upenyo. Mvua haikuwepo. Kilichokuwepo ni baridi.

Wenyeji mnaijua baridi ya Juni na Julai huku kwetu: mchana jua kali, usiku meno yanagongana. Na baridi ya hemani haitoki juu tu, hutoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na sisi tulikuwa tumetandika kitu kimoja tu, mkeka mwembamba juu ya sakafu ya nailoni. Tuliwaambia wazazi walete shuka. Hatukusema blanketi.

Usiku wa pili vijana watano wa darasa la wakubwa walishindwa kulala. Jikoni kulikuwa na jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu baada ya chai ya usiku. Wakalichukua, wakaliingiza hemani, wakafunga zipu ili joto lisitoke. Hawakufanya utundu. Walifanya kile ambacho mtu yeyote anayesikia baridi angefanya kama hakuambiwa.

Tuliamka kabla ya saa kumi kwa ajili ya kisimamo cha usiku. Tukapita hema hadi hema tukiwaamsha. Mahema mengine yakaitika. Lile halikuitika. Tukaita mara ya pili, tukasikia mtu akigumia. Tulipofungua zipu, uso ulipigwa na hewa nzito ya moto, wala hapakuwa na moshi wa kuonekana. Wawili walikuwa wanalalamika kichwa, mmoja ametapika juu ya mkeka, na wawili hawakuamka mpaka tulipowaburuta nje na kuwalaza uwanjani. Hatujui ni muda gani ulipita hapo. Sisi tuliokuwepo kila mmoja anataja muda wake. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu walifumbua macho, tukawakimbiza zahanati kwa bodaboda, na kufikia jioni wote watano walikuwa wamesimama.

Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu husikia usingizi mzito, kisha hupita katika usingizi uleule. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi, bado unatoa gesi hiyo. Sisi walimu tulilijua jambo hili kwa nyumba. Hatukuwahi kufikiri kwamba hema nalo ni nyumba, tena yenye madirisha tuliyoyaziba kwa mikono yetu wenyewe.

Mmoja wa wale wawili ambao hawakuamka haraka alikuwa mtoto wa yule mama. Alikuja zahanati asubuhi. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno makali, na tungeyastahili. Alikaa kitandani kwa mwanawe, akamshika mguu, kisha akasema bila kututazama, "Ustadhi, niliuliza hema gani."

Baada ya hapo tulisimamisha kambi kwa miezi kadhaa, na tukaitisha kikao tukawaeleza wazazi wote yaliyotokea bila kuficha. Baadhi waliwaondoa watoto wao katika orodha ya kambi, na hatukuwalaumu. Katika kikao hicho mzazi mmoja aliyejaaliwa kuhiji alitukumbusha moto wa Mina wa tarehe 15 Aprili 1997, ambao uliwaua mahujaji zaidi ya 340 na kuteketeza maelfu ya mahema. Baada ya msiba ule Saudi Arabia ilijenga Mina mahema ya kudumu ya nyuzi za kioo zilizovikwa Teflon, kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi. Akasema, kama mahema ya wageni wa Mwenyezi Mungu yalibadilishwa baada ya msiba, ya kwetu tuyabadilishe kabla. Sisi hatuna uwezo wa Teflon. Lakini nailoni inapopata moto huyeyuka na kudondoka juu ya ngozi, na jambo hilo hatukuwa tumelifikiria siku tulipokuwa tunapenda rangi ya bluu.

Hivyo tukaenda kwa fundi Mpanda mjini, akatushonea mahema mawili makubwa ya turubai zito la pamba, moja la wavulana, moja la wasichana. Kuta zake zinakunjika kwa chini na juu kuna matundu mawili yanayotazamana, hewa inapita usiku kucha. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kubana, kwa hiyo mvua ya kawaida haipenyi. Ubaya wake ni uzito: likilowa, vijana wanne wanalibeba kwa taabu, na ukilikunja bichi linaota ukungu. Wala hatusemi wepesi ni jambo baya. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, wepesi wa mahema ya ngozi siku ya safari umetajwa miongoni mwa neema. Mtu anayesafiri kwa baiskeli achukue jepesi. Sisi tunakwenda na lori, na watoto wa watu.

Chini sasa tunatandika viroba vitupu, kisha jamvi, kisha godoro, na blanketi ni lazima katika fomu. Jikoni huwekwa mbali, upande ule upepo unakoelekea, na jiko likimaliza kazi linazimwa kwa maji mbele ya mwalimu. Pamba nayo huungua, kwa hiyo ndani ni tochi tu, hakuna mshumaa wala kibatari. Huku kwetu upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, basi mgongo wa hema tunaugeuzia huko na mlango unatazama kaskazini. Kibla chetu nacho kiko kaskazini, kikivutia kidogo mashariki, kwa hiyo watoto wakitoka hemani safu inajipanga yenyewe.

Na mwalimu halali tena mbali. Mtakumbuka katika darsa la sira kwamba Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (S.A.W.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye na amtazame. Tulikuwa tukilisomesha tukio lile kila mwaka. Sasa hema la walimu wa kiume linakaa hatua chache tu kutoka la wavulana, na la maustadhati vivyo hivyo kwa wasichana.

Juni 2024 tulithubutu kwenda mbali zaidi, Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Mchanga ulitupa somo jingine: vigingi vinang'oka kama karafuu kwenye pilau. Wavuvi wakatuonyesha njia. Unajaza kiroba mchanga, unakifunga kamba ya hema, unakifukia kina cha mkono. Havikung'oka tena. Tulilala mbali na maji kwa ajili ya mamba, na mchana tuliwafunika watoto kwa turubai la kivuli lililo wazi pande zote, kwani hema lililofungwa juani ni tanuri. Waliogelea mahali walipoonyeshwa na wenyeji, wakarudi weusi na wenye njaa. Mwanawe yule mama alikuwemo. Alichelewa kuandikishwa, lakini aliandikishwa.

Mahema sasa yametundikwa stoo ya madrasa, hayakunjwi sakafuni kwa sababu ya panya. Kambi ijayo ni Juni, inshaallah. Kila mtoto alete jamvi moja na blanketi moja. Asiye na blanketi atuambie mapema, asinyamaze kwa haya. Mama yule alipoleta fomu mwezi uliopita hakuiacha mezani. Aliomba ufunguo wa stoo, akaingia, akayashika mahema moja moja, akatuonyesha mshono wa hema la wasichana unaoanza kuachia upande wa mlango. Fundi amekwisha kuambiwa.

Wabillahi tawfiiq.