Mwenye Betri Ndiye Mwenye Redio

Wazee wenzangu wakikutana msibani hawakawii kuwasema vijana. Eti kila mmoja ana muziki wake sikioni na pawabenki mkobani, ukimwita hasikii. Kisha hufuata sifa za zamani: sisi tulisikiliza redio pamoja, nyumba nzima, tukakua na umoja. Mimi huwa naguna. Pamoja tulikaa, sikatai. Lakini nani alituuliza tunataka kusikiliza nini?

Nilikulia Newala, kwenye mikorosho, na redio ya kwetu ilikuwa ya baba kwa sababu betri zilikuwa za baba. Redio yenyewe ilikaa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, haikuwa na ulinzi wowote. Betri ndizo zilizolindwa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikiisha, na Mazungumzo Baada ya Habari yakaisha, baba alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri nne, akazifunga kwenye leso na kuingia nazo chumbani. Muziki wa bendi tuliusikia kwa jirani, upepo ukikubali. Mama, aliyepalilia hiyo mikorosho iliyonunua betri, sikumbuki akikigusa kile kitufe cha kutafutia stesheni.

Zilikuwa zile betri kubwa za National, zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam. Zilinunuliwa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, hela ikiwa mkononi. Kufika masika hela imekwisha na betri zimechoka, na hapo ndipo kaka zangu walipoonyesha ufundi. Betri mpya ina volti 1.5, kwa hiyo nne zikipangwa mstari ni 6. Zikichoka, kila moja inabaki na volti 1 na ushee, na redio inakoroma. Basi walipasua mwanzi, wakapanga humo betri kuukuu sita, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, wakazifunga kwa mpira wa baiskeli hadi zikabanana, kisha wakavuta nyaya mbili mpaka kwenye springi ndani ya redio. Sita zilizochoka zikafanya kazi ya nne nzima, kwa siku chache. Aliyepitiwa akaunga sita mpya kwenye redio ya volti 6 alikuwa anamtafutia fundi kazi. Vijana wakinionyesha betri ya nje kama ajabu ya karne hii, nacheka.

Wengine walizianika juu ya bati, wakisema jua linazijaza. Betri ya aina ile haijazwi. Joto huzichangamsha kemikali zilizosalia, na mapumziko huipa nafasi ya kujikusanya, ukapata nusu saa ya muziki. Ukiendelea kuilazimisha, kopo lake la zinki, ambalo ndilo linaloliwa ili umeme upatikane, linatoboka na kuvujia redio. Mwisho wake ilipasuliwa, na ule unga mweusi wa ndani tukaupeleka shuleni kupaka ubao.

Redio kaseti zilipoingia, njaa ya betri ikazidi, maana sasa kulikuwa na mota ya kuzungusha. Kurudisha mkanda nyuma kwa mota yenyewe ilikuwa israfu. Ulitoa kaseti, ukachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu lake na kuizungusha hewani mpaka mkono ukauma. Betri zikilegea, sauti ya Mbaraka Mwinshehe ilizidi kuwa nzito na kuvutika, na watu waliendelea kucheza hivyohivyo, polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, betri zilikaa chini ya kaunta pamoja na sabuni, na ukizitaka ulinong'ona.

Wimbo nilioutaka mwenyewe niliusikiliza nilipokuwa mwalimu mwenye mshahara. Nilinunua betri zangu, nikapiga taarabu ya Black Star ya Tanga, ambayo baba aliihesabu kuwa muziki wa wasio na kazi. Nilikuwa mtu mzima tayari.

Mjukuu wangu anashona nguo na hajasubiri utu uzima. Ana kichezeo cha muziki kidogo kama kiberiti, na pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000. Nilimwambia hiyo namba isimdanganye. Imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, lakini kifaa chake kinapokea volti 5. Ukigeuza hesabu haizidi 7,400, na nyingine inapotea kwa joto. Yeye akanifundisha jambo ambalo sikulijua: kichezeo chake kinavuta umeme kidogo mno, kiasi kwamba pawabenki inadhani hakuna kitu kilichochomekwa, na inajizima. Akichomeka na simu, inaamka. Nilipenda alivyolieleza, bila kuniona mshamba.

Anachosikiliza sikijui. Hilo wenzangu wanalolilia ni kweli, na linaniuma kidogo. Mapenzi ya baba kwa mpira na habari nayajua hadi leo, kwa sababu hakutuachia njia ya kutoyajua. Ya mjukuu lazima niombe, naye anivulie sikio moja. Mara nyingi ananipa. Kati ya kuomba na kulazimishwa, mimi nimeshayaonja yote mawili, na sihitaji muda kuchagua.

Ila nikienda Newala naona leso ya baba bado ipo, imebadilika sura tu. Vile viredio vya memori kadi vinavyotumia betri ya simu, ile BL-5C, vimejaa kwenye bodaboda na mashambani, na paneli ya sola iko juu ya bati. Waya unaoshuka kutoka juu unaishia kwa nani? Katika nyumba ninazozijua, simu ya mume ndiyo inayotangulia, ifuate spika yake ya Bluetooth, na ya mke inachomekwa jua likiwa limeshaelekea kuzama. Kwa hiyo kijana akija kunisomea habari za maendeleo, mimi humuuliza kwanza: simu ya mkeo mnaichaji saa ngapi?