Ndege za Vita Bandani Mtangawanda

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, huenda jina la Mtangawanda halijapata kugonga masikio yako. Hapo ndipo kwetu. Ni bandari ndogo upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate, na mgeni aendaye Pate mjini maji yakiwa yamekupwa hana budi kushukia kwetu, kisha ashike njia kwa miguu. Vyombo vitokavyo Lamu hupita mlango wa Mkanda, vikakata ghuba ya Manda, vikaja kutia nanga mbele ya mikoko yetu. Kwa lafudhi ya kwetu mtanga ni mchanga, na wanda ni kile kipimo cha zamani cha upana wa kidole. Sisemi jina limetokana na hayo. Nasema tu kwamba watu wa kijiji chenye jina kama hilo wakipenda kupima vitu, isiwe ajabu.

Ng'ambo ya ghuba, upande wa bara, iko kambi ya wanamaji wa Kenya ya Magogoni, na karibu nayo kiwanja cha ndege ambacho Wamarekani pia hukitumia. Kwa hivyo mtoto wa Mtangawanda huijua ndege kwa mlio kabla hajaiona. Wenzetu wa mjini wanajua matatu kwa honi. Sisi tunajua ipi ni ya mapanga, ipi ni ya abiria wa Lamu, na ipi ni ile ambayo wazee wakiisikia hunyamaza kidogo ndipo waendelee na mazungumzo.

Basi likizo moja ya Desemba tulikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili, sote wanafunzi wa sekondari, hatuna la kufanya ila kungoja matokeo. Binamu yangu alikuwa na kitabu kichakavu cha ndege za vita, chenye michoro ya kila ndege kwa juu, kwa ubavuni na kwa mbele. Akasema, "Tuziunde." Wavulana wa kwetu tangu hapo wamezoea kuchonga vidau na kuvishindanisha majini, kwa hivyo mikono ilikuwako. Ami yangu, baba yake huyo binamu, ni nahodha, na bandani kwake hapakosi vipande vya mwembe, msumeno, patasi, tupa na makopo ya rangi iliyobaki ya vyombo.

Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, si vidude vya kukisia. Kila ndege iwe kwa kipimo kimoja, moja kwa 72, yaani kila sentimita moja ya mfano isimame badala ya sentimita 72 za ndege ya kweli. Kipimo hicho si chetu. Ndicho wanachotumia wapenzi wa kazi hii duniani kote, na kina historia yake. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani, jeshi lake la wanamaji liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge mifano ya ndege 500,000 kwa kipimo hichohicho, ili askari wajifunze kutambua kwa umbo tu ndege ya adui na ndege ya rafiki. Fikiri, watoto wa rika letu, na tupa na msasa kama sisi! La pili, tuanze na mbili tu: Spitfire ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na F-5 ambayo jeshi la anga la Kenya limekuwa nayo tangu mwisho wa miaka ya 1970.

Hapo ndipo hesabu, ambayo wengi wetu tunaikimbia darasani, ilipotukamata kwa hiari. Spitfire ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na urefu wa mita 9.12. Gawanya kwa 72: upana sentimita 15.6, urefu 12.7. F-5 ni kinyume chake. Urefu mita 14.45 na upana mita 8.13, basi mfano ukawa sentimita 20 kwa 11.3. Ya kwanza ni pana kuliko urefu wake, kama nyuni apaaye polepole. Ya pili ni kama mshale. Bila kuambiwa na mtu tukaona ni ipi iliyoundwa kwa ajili ya mbio.

Kiwiliwili tulichonga kwa mwembe. Mabawa tulikata kwa plaiwudi nyembamba, tukayapiga msasa hadi ukingo wa mbele ukawa wa mviringo na wa nyuma ukawa mkali. Kioo cha rubani kilitokana na chupa ya maji ya plastiki iliyopashwa moto juu ya kijiti kilichochongwa, ikajibana juu yake. Magurudumu ni nyayo za ndara zilizotupwa na bahari. Hizo ufukweni kwetu ni bwerere. Palipobaki nafasi kati ya bawa na kiwiliwili tuliziba kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, na mmoja wetu, mtoto wa fundi, akacheka akasema kumbe hata ndege yatiwa kalafati.

Mimi na mwenzangu wa kike tulipewa rangi, kwa kuwa mkono uliozoea kuchora hina na piko hautetemeki. Kwa kweli kazi ya rangi ndiyo iliyonifunza zaidi. Spitfire ilipakwa kijani na kahawia kwa juu, na rangi ya mbingu kwa chini. Wavulana walibishana kwa nini. Nikawaambia watazame jodari: mgongo mweusi, tumbo jeupe. Anayemtazama kutoka juu haoni ila giza la maji; aliye chini yake haoni ila mwangaza. Hila ambayo mvuvi wa kwetu anaiona kila siku ndani ya mashua yake, ndiyo hiyo waundaji ndege waliitia angani. Tulipaka rangi ya chini kwanza, tukangoja ikauke siku nzima, kisha mabaka, na mwisho alama: kwenye F-5, duara lenye rangi za bendera yetu.

Sasa sikiliza yaliyotukuta.

Wa kwanza kupinga alikuwa bibi yangu. Huku kwetu kiumbe arukaye twamwita nyuni, na neno ndege tumeliachia eropleni. Lakini kwa wazee ndege lina maana nyingine ya kale: ni ishara, dalili ya jambo lijalo, la heri au la shari. Bibi alisimama mlangoni mwa banda, buibui limemteremka mabegani, akatazama ile meza. "Nyuni wa Mungu wamejaa mikokoni," akasema, "nanyi mwaunda ndege?" Akaenda zake. Hakuna aliyecheka, maana sote tulimwelewa.

Wa pili alikuwa Ami mwenyewe, na yake hayakuwa mafumbo. Alirudi safari jioni, akaona ndege mbili za vita zimeanikwa juu ya madema yake. Akafunga mlango. "Haya yatupeni baharini kabla ya magharibi. Askari akiyaona, nani atamweleza kuwa ni mtezo?"

Ndugu msomaji wa bara, usimwone Ami mwoga. Tarehe 5 Januari 2020, kabla ya jua kuchomoza, Al-Shabaab walikishambulia kile kiwanja cha ng'ambo. Wamarekani watatu waliuawa na ndege kadhaa zikateketea. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka moshi mweusi uliosimama juu ya ghuba, na mama akituvuta ndani. Tangu Kenya ilipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na hasa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, kijana wa visiwani anajua kwamba anaweza kuulizwa atokako, aendako na alichobeba. Mtu mwenye mfano wa ndege ya vita mkobani atajibu nini? Ami alikuwa na haki ya kuuliza.

Tulikaa kikao. Wawili walitaka tutupe, wawili walitaka tufiche darini. Mimi nilisema kwamba kufichwa ndiko kutakakozifanya ziwe na hatia. Kitu cha darini kikionekana, nani atakuamini? Mwenzangu aliniunga mkono. Baada ya mabishano marefu tukachukua siniya, tukaweka ndege zetu juu yake, tukazipitisha mchana kweupe katikati ya kijiji hadi kwa mzee wa mtaa. Ami alitufuata nyuma, hasemi neno.

Mzee alizigeuzageuza. Akauliza kama tumewahi kupima au kupiga picha chochote cha ng'ambo. Tukajibu hapana, vipimo vyote ni vya kitabuni, na Spitfire iliacha kupigana kabla babu zetu hawajaoa. Akatupa masharti mawili: tusifanye kazi hiyo mahali pa kujificha, na wala tusikaribie wala kuchora kitu cha kambi. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia. "Mwaunda vya watu. Chombo chenu ki wapi?"

Tukamweleza kipimo chetu, moja kwa 72. Mzee hakukielewa. Lakini Ami, aliyekuwa ameegemea mlango, akainua kichwa. "Mkono mmoja ni inchi ngapi?"

"Kumi na nane, Ami."

"Na pima ni mikono mingapi?"

"Mine."

"Mara nne?"

"Sabini na mbili."

"Basi ni inchi moja kwa pima moja! Mbona hamukunena?"

Tulitazamana. Kumbe kipimo tulichokiona cha kizungu, Ami anakijua tangu utotoni mwake. Pima ni mikono miwili ya mtu ikitandazwa, kipimo cha kina cha maji na cha kamba za tanga. Mafundi wa Lamu na visiwa vyake wanaunda vyombo bila mchoro wa karatasi, kwa jicho, kwa mikono na kwa pima. Jioni hiyohiyo Ami aliketi bandani akatutajia jahazi moja la zamani alilosafiria kijana, la pima kumi: urefu wa mkuku, upana wa tumbo, mahali pa mlingoti, mwinamo wa omo. Sisi tunachonga, yeye anasahihisha. Yule aliyetaka tuzitupe ndege zetu alikuwa wa mwisho kuondoka kila usiku.

Jahazi lilipokwisha tukaliweka ubaoni pamoja na ndege. Lilikuwa inchi kumi. F-5 haikufika inchi nane, na Spitfire ilikuwa tano. Tulinyamaza. Ile ndege ambayo mngurumo wake unazitikisa bati za kijiji kizima ni fupi kuliko jahazi la kuchukulia boriti! Ami akainama, akaitazama kwa karibu. "Kidude hichi?" akauliza. Nadhani tangu siku ile hofu yake ilipungua, au tuseme ilipata kipimo. Kitu kisichopimwa hukua kila siku moyoni mwa mtu, kiwe cha kuogofya au cha kutamanisha. Wavulana wetu, waliokuwa wakizisifu ndege za vita kana kwamba ni malaika, nao walipungua sifa.

Tukaongeza watu. Kimo cha mtu ni karibu sawa na mikono yake ikitandazwa, yaani pima moja. Basi mtu wetu ni inchi moja, upana wa dole gumba. Tulichonga kumi na wanne tukawapakia jahazini, na mmoja mmoja kwa kila ndege. Chombo kimoja kimebeba kijiji, kingine kimebeba mtu na silaha zake.

Tukadhani tumemaliza. Ndipo bibi alipokuja tena, akautazama ubao kwa muda, akaliona jahazi akatabasamu. Kisha akaonyesha mchanga tulioumwaga chini ya zile ndege. "Na wa chini yake wako wapi?"

Hatukuwa na jibu la kinywa. Tulichonga wengine. Mwaka 1940 ndege za Waitalia ziliuangushia mji wa Malindi mabomu. Leo Waitalia wako Malindi hiyohiyo kwa amani, wana nyumba na mahoteli, na watoto wao wanasema Kiswahili. Ndege zilizowarushia watu moto ziko vitabuni na mabarazani mwa wazee, lakini vitabu hivyo vina mchoro wa kila bawa na kila bunduki, na hakuna ukurasa unaokuonyesha waliokuwa chini siku hiyo. Kwa hivyo ubaoni petu wamo: mwanamke mwenye ndoo, watoto watatu, mvuvi na nyavu zake, mzee aliyeketi. Kila mmoja inchi moja au pungufu. Kwa maoni yangu, anayeunda ndege ya vita bila kumchonga mtu wa chini, kazi yake haijatimia hata kama kila sentimita ni sahihi.

Ubao huo sasa uko maktabani kwetu, karibu na dirisha, na mwalimu wetu wa hisabati ameshautumia kufundishia uwiano. Likizo ijayo tunakusudia kuunda mtepe, kile chombo cha mababu kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja, kwa kipimo kilekile cha inchi kwa pima. Bibi ameahidi kututafutia kamba. Mwanachama yeyote anayetaka kujiunga nasi, mvulana au msichana, wa bara au wa pwani, karibu Mtangawanda. Aje na rula yake. Tupa na msasa tunazo, na ndara za magurudumu, kama kutatokea haja ya ndege nyingine, bahari inatuletea kila siku.